Trekta Linalojikunja Kiunoni: Somo la Kuinua Mizigo Mizito Bila Hatari

Wasomaji wa jarida letu, tangu muhula uliopita wanafunzi kadhaa wamekuwa wakiniuliza habari za lile trekta dogo ambalo mzazi mmoja hulileta shuleni kutusaidia kazi za shamba na za ujenzi. Wengine wauliza kwa nini limekatwa kiunoni kama nyigu. Wengine wauliza jinsi gani mtambo mdogo hivyo huinua mzigo ambao vijana sita hawauwezi. Na wengi zaidi wauliza kwa nini siku ile ya kuhamisha jenereta nilikataa lisiinuliwe kwa trekta, hata kazi ikatuchukua alasiri nzima. Nimeona afadhali niwajibu wote kwa pamoja hapa, ili na wazazi wapate kusoma.

Somo hili si la mafundi peke yao. Wengi katika ninyi mtakapomaliza shule mtafanya kazi mashambani, bandarini, migodini au katika ujenzi, na huko mtakuta mitambo ya namna hii. Siku moja mtu mwenye cheo atawaambia, "Inua tu, wacha woga." Mwenye kujua hesabu yake ataweza kumjibu kwa adabu na kwa sababu. Asiyejua atainua.

1. Trekta lenyewe ni la namna gani

Trekta la kawaida la shamba hugeuka kwa kupinda magurudumu ya mbele. Trekta hili halipindi gurudumu lolote. Mwili wake ni vipande viwili, cha mbele na cha nyuma, navyo vimeunganishwa katikati kwa kiungo chenye pini nene. Dereva akizungusha usukani, silinda yenye mafuta husukuma vipande hivyo, na trekta zima hujikunja. Kiungo kikiwa katikati hasa, magurudumu ya nyuma hupita palepale yalipopita ya mbele. Kwa hiyo laweza kuzunguka ndani ya zizi, kati ya mistari ya miti, au katika ua mdogo ambamo trekta kubwa lisingeweza hata kuingia. Ndiyo maana limependwa sana Ufini, Ujerumani, Italia na Marekani, katika mazizi ya ng'ombe, bustani na mashamba madogo.

Mbele lina mikono ya chuma ya kuinulia. Mwishoni mwa mikono hufungwa kijiko cha kuchotea udongo, au uma wa kubebea mizigo, au chombo kingine. Injini mara nyingi huwa nyuma. Wanafunzi hudhani kwamba kazi ya injini ni kuendesha trekta tu. La, ina kazi ya pili: uzito wake ndio unaoshikilia upande wa nyuma chini wakati mikono inapoinua mzigo mbele. Tukilielewa jambo hili moja, mengine yote yatafuata.

2. Trekta ni bembea ya ubao

Mmekwisha kusoma habari za wenzo katika somo la Fizikia. Archimedes wa Sirakusa, aliyeuawa mwaka 212 kabla ya Kristo, alieleza kanuni yake: uzito ukizidishwa kwa umbali wake kutoka kwenye egemeo, upande huu na upande huu, pande zikiwa sawa basi wenzo umetulia. Watoto wanaocheza bembea ya ubao huijua kanuni hii bila kitabu. Mtoto mdogo akikaa mwisho wa ubao aweza kumwinua mkubwa aliyekaa karibu na katikati.

Basi, trekta letu ni bembea hiyo. Egemeo ni ekseli ya mbele, yaani mahali magurudumu ya mbele yanapogusa ardhi. Mbele ya egemeo kuna mzigo. Nyuma ya egemeo kuna injini, dereva na chuma cha nyuma. Mzigo ukishinda, magurudumu ya nyuma hunyanyuka na trekta huanguka kifudifudi.

Na tutie hesabu. Vipimo nitakavyotumia ni vya mfano, nami nimevikata ili vihesabike kwa urahisi, lakini viko karibu na vile vya trekta la mzazi wetu. Trekta zima pamoja na dereva lina kilo 1,400. Kipande cha mbele kina kilo 500, na kitovu cha uzito wake kiko juu ya ekseli ya mbele hasa, kwa hiyo hakisaidii wala hakidhuru. Kipande cha nyuma kina kilo 900. Kiungo kiko mita 0.5 nyuma ya ekseli ya mbele, na kitovu cha uzito wa kipande cha nyuma kiko mita 0.6 nyuma ya kiungo. Jumla ni mita 1.1.

Upande wa nyuma wa bembea, basi, ni 900 × 1.1, yaani 990. (Katika mtihani andikeni kwa niutoni, kwa kuzidisha kila kilo kwa 10. Hapa natumia kilo tupu, maana pande zote mbili huzidishwa sawasawa na jibu halibadiliki.)

Mikono ikinyooshwa mbele kabisa, kitovu cha mzigo kiko mita 1.3 mbele ya ekseli. Gawanya 990 kwa 1.3, upate kilo 761. Huo ndio mzigo wa kupindua: ukifika hapo magurudumu ya nyuma hayana tena uzito. Mzigo huohuo ukishushwa chini na kuvutwa karibu, mathalani mita 1.1 kutoka kwenye ekseli, mzigo wa kupindua huwa kilo 900. Mwaona? Sentimita 20 tu zimetupa kilo 139. Ndiyo maana dereva mzuri husukuma uma mpaka ndani kabisa, mzigo ukaegemea mgongo wa uma, wala hauinui kwa ncha.

Tena pima kitovu cha mzigo, usipime ukingo wake. Mafungu mawili ya mbao yenye uzito sawa hayalingani ikiwa moja ni pana na la pili ni jembamba. Kitovu cha lile pana kiko mbali zaidi, ingawa yote mawili yameegemea mgongo wa uma.

3. Mkono una nguvu kuliko miguu

Hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika. Husema, "Kama mzigo ungekuwa mzito mno, mashine isingeuinua." Maneno haya si ya kweli, na sababu yake ni hii.

Mikono huinuliwa kwa mafuta yanayosukumwa na pampu ndani ya silinda. Blaise Pascal, Mfaransa aliyeishi toka 1623 hata 1662, alionyesha kwamba msukumo unaotiwa katika kimiminika kilichofungiwa huenea sawasawa pande zote. Mwaka 1795 Joseph Bramah wa Uingereza alipata hataza ya mtambo wa kukandamiza uliotumia kanuni hiyo. Trekta letu ni mjukuu wa mtambo ule. Pampu ikitoa msukumo wa kilo 200 kwa kila sentimita ya mraba, na uso wa pistoni ukiwa sentimita za mraba 20, pistoni husukuma kwa nguvu ya kilo 4,000. Lakini silinda imeshika mkono karibu na mzizi wake, na mzigo uko mbali kwenye ncha. Tuseme umbali wa mzigo ni mara tano ya ule wa silinda: nguvu inayofika kwenye uma ni 4,000 gawanya kwa 5, yaani kilo 800.

Sasa linganisheni. Mkono waweza kuinua kilo 800. Miguu yaweza kustahimili kilo 761 tu, mikono ikiwa imenyooshwa. Kwa hiyo trekta hili laweza kujipindua kwa nguvu zake lenyewe. Mzigo ukiinuka kutoka ardhini, hilo halithibitishi kwamba wabebeka. Linathibitisha kwamba pampu ni nzima, basi.

Katika mfumo wa mafuta kuna vali ya usalama, ambayo hufunguka msukumo ukizidi kipimo. Baadhi ya watu huikaza ili trekta "lipate nguvu". Afanyaye hivyo huongeza nguvu za mkono bila kuongeza uzito wa nyuma, yaani ameongeza hatari peke yake. Huhatarisha pia mipira ya mafuta, pini na mikono yenyewe.

4. Lijikunjapo, hupungukiwa

Hesabu ya kilo 761 ni ya trekta lililosimama wima, vipande vyake vikiwa mstari mmoja. Lakini kujikunja ndiyo tabia yake. Likijikunja kwa pembe ya digrii 45, kipande cha nyuma hakiko tena nyuma hasa ya mzigo, kimekwenda upande. Ile mita 0.6 nyuma ya kiungo, ukiipima kwa kurudi nyuma moja kwa moja, imebaki 0.6 × 0.71, yaani mita 0.426. Jumlisha mita 0.5 mpaka kwenye ekseli, upate 0.926. Upande wa nyuma wa bembea sasa ni 900 × 0.926, yaani 833 badala ya 990. Gawanya kwa 1.3: mzigo wa kupindua ni kilo 641.

Hakuna aliyeongeza mzigo. Dereva amezungusha usukani tu, na kilo 120 za usalama zimetoweka. Trekta lililotulia na kilo 700 likiwa limenyooka, litaanguka na kilo hizohizo likifika kwenye kona. Zaidi ya hayo, uzito wa nyuma umehamia upande wa ndani wa kona, na trekta lingine lote laelekea kulala upande huo ikiwa gurudumu litaingia shimoni.

Kuna jambo jingine. Katika matrekta mengi ya namna hii, kiungo au ekseli ya nyuma huruhusu kipande kimoja kujipinda kidogo upande bila kingine, ili magurudumu yote manne yaguse ardhi mbaya. Ni jambo jema, lakini ina maana kwamba kwa kitambo trekta lasimama kama kigoda cha miguu mitatu. Kigoda cha miguu mitatu hakitikisiki, lakini ukiegemea kati ya mguu na mguu huanguka upesi kuliko cha minne. Na dereva aliyekaa kwenye kipande cha nyuma huenda asihisi kwamba kipande cha mbele chaanza kulala.

Kwa sababu hizi, watengenezaji wengi wa Ulaya hupima mzigo wa kupindua trekta likiwa limejikunja mpaka mwisho, kisha huruhusu sehemu yake tu. Kwa kijiko huruhusu asilimia 50. Kwa uma katika ardhi mbaya huruhusu asilimia 60, na katika sakafu ngumu iliyo sawa asilimia 80. Kwa trekta la mfano wetu, 641 × 0.6 ni kilo 385. Na tuseme 380. Hicho ndicho kipimo cha kufanyia kazi katika viwanja vya shule yetu, ambavyo sote twavijua havina sakafu. Kilo 761 si kipimo cha kazi, wala 641.

5. Mteremko na mzigo ulio juu

Chukua kilo hizo 380, mzigo halali kabisa, uende nazo kwenye mteremko unaoshuka sentimita 20 kwa kila mita moja, trekta likiangalia chini. Nimekadiria kwamba kitovu cha uzito wa trekta tupu kiko mita 0.6 juu ya ardhi.

Dereva wa kwanza amebeba mzigo chini, sentimita 40 kutoka ardhini, umevutwa karibu, na trekta limenyooka. Ukifanya hesabu ya trekta na mzigo kwa pamoja, kitovu cha uzito wote kiko sentimita 32 nyuma ya ekseli ya mbele, na urefu wake kutoka ardhini ni sentimita 56. Mteremko wakisogeza mbele sentimita 11. Zimebaki sentimita 21 za usalama.

Dereva wa pili ameuinua mzigo uleule mita 1.5 ili aone njia, mikono imenyooka mbele, naye akata kona. Kitovu cha uzito wote kiko sentimita 19 tu nyuma ya ekseli, na urefu wake umepanda hata sentimita 79. Mteremko wakisogeza mbele karibu sentimita 16. Zimebaki sentimita 3. Akikanyaga breki, au tairi la mbele likishuka katika shimo la fuko, hizo tatu nazo zimekwisha.

Mzigo ni mmoja, trekta ni moja, na mteremko ni mmoja. Kilichotofautiana ni dereva. Basi kanuni ni hii: upande mzito ukae juu ya mlima. Ukiwa na mzigo, panda kwa mbele na shuka kinyumenyume. Ukiwa huna mzigo, upande mzito ni injini, kwa hiyo fanya kinyume chake. Na kamwe usikate mlima kwa upande ukiwa na mzigo.

6. Habari ya jenereta

Sasa niwajibu wale waliouliza. Jenereta la shule lilitakiwa litoke katika kibanda cha zamani, lizunguke kona ya bweni, lipande kwenye nyumba yake mpya. Bamba lake lilionyesha kilo 620. Mzazi alikuja na trekta lake kwa moyo mwema, tena bila malipo. Aliniambia, "Mwalimu, mashine hii imekwisha kuinua vizito kuliko hicho."

Nikamjibu, "Sina shaka, mzee wangu. Kuinua itainua. Ninachouliza ni kama itakata nacho ile kona ya bweni."

Tukafungua kitabu cha trekta. Mzigo wa kupindua, likiwa limejikunja kabisa, ni kilo 640. Wanafunzi wa Kidato cha Tatu wakapiga asilimia 60 yake, wakapata 384. Jenereta lilizidi kipimo kwa kilo 236. Mzee akakitazama kile kitabu kwa muda, akasema, "Basi tutafute mabomba."

Tukaliinua jenereta kwa jeki, upande mmoja kwanza kisha wa pili, tukilitegemeza kwa vipande vya mbao kila hatua. Tukaliweka juu ya mbao mbili nene zilizounganishwa kama sleji, na chini yake mabomba sita ya chuma. Trekta likavuta kwa kamba iliyofungwa chini, kwenye ndoano yake ya nyuma. Njia ya kwenda nyumba mpya hupanda mita 1 kwa kila mita 10. Kwa mwinuko huo, nguvu ya kulivuta jenereta la kilo 620 ni kilo 62 hivi, pamoja na ile ya kushinda msuguano. Mtambo usioweza kulibeba kwa salama uliweza kulivuta bila taabu. Huo ndio mlalo mliosoma katika sura ya mashine rahisi, nao ni wa zamani kuliko trekta lolote.

Mwanafunzi mmoja alikuwa na kazi ya kuweka kigingi cha mbao nyuma ya sleji kila iliposogea. Waliohamisha mabomba waliyashika kwenye ncha, nje ya mbao, wala si kwa kuingiza vidole chini. Hakuna aliyesimama karibu na kamba, maana kamba ikikatika hupiga kama mjeledi. Tulianza saa nane, tukamaliza saa kumi na moja na nusu. Trekta lingefanya kazi hiyo kwa dakika ishirini, au lingelala na jenereta penye kona, hatua chache kutoka kwenye madirisha ya bweni.

7. Mtu si jiwe la mizani

Kuna desturi moja ambayo nawaomba wazazi wanisaidie kuipiga vita. Trekta likianza kunyanyuka nyuma, watu husema, "Vijana, pandeni nyuma mkaze!" Kwa hesabu ni kweli kwamba uzito ukiongezwa nyuma husaidia. Lakini uzito huo wapaswa kuwa chuma kilichofungwa kwa boliti, cha kipimo alichoruhusu mtengenezaji, wala si watoto wa watu.

Mwaka 2017 nilikuwa mgeni katika shamba moja kubwa. Trekta la namna hii lilikuwa likiinua gogo la mkaratusi, na msimamizi akawaamuru vijana wawili wasimame nyuma. Gogo lilibiringika likatoka kwenye uma. Mara ile bembea ikageuka: nyuma iliyokuwa juu ikaanguka kwa kishindo, na kijana mmoja akarushwa. Aliangukia upande wa nje, akavunjika mkono. Angeangukia upande wa ndani, kwenye kiungo, vipande viwili vya trekta vingemkuta katikati. Nilipokwenda kumtazama hospitali, mama yake aliniuliza swali ambalo sijalisahau: "Mwalimu, kwani hawakuwa na mawe?"

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayeamuru kutoka pembeni huona wepesi. Anayebeba ndiye ajuaye uzito.

Juu ya kiungo chenyewe, kumbukeni kwamba trekta hujikunja hata likiwa limesimama, mradi injini inanguruma na usukani unaguswa. Nafasi kati ya gurudumu la mbele na la nyuma, inayomtosha mtu kusimama sasa hivi, yaweza kuwa finyu mara moja. Kwa hiyo hakuna ruhusa ya mtu yeyote kusimama hapo, hata kwa kusalimiana na dereva.

8. Kanuni za kazi

Nimezikusanya kanuni hizi ili mzibandike ukutani mkipenda.

Kwanza, ujue uzito kabla ya kuinua. Soma bamba, au kadiria: lita moja ya maji ni kilo moja, na mita moja ya ujazo ya zege ni kilo 2,400 hivi. Usipojua, usiinue. Kisiki kilichozikwa hakina uzito unaojulikana, kwa hiyo haking'olewi kwa mikono ya trekta.

Pili, kagua matairi ya mbele. Tairi moja likiwa limepungua upepo, trekta limekwisha kuegemea upande kabla ya kuanza.

Tatu, hakikisha pini za kufungia uma au kijiko zimeingia. Zitazame kwa macho, kisha kandamiza chombo ardhini uone kama kitacheza.

Nne, inua polepole sentimita chache tu, usimame, utazame. Magurudumu ya nyuma yakilegea, shusha. Usiongeze mtu nyuma.

Tano, beba chini na karibu. Nyoosha trekta kwanza, ndipo uinue juu. Usikate kona mzigo ukiwa juu.

Sita, mzigo unaoning'inia kwa mnyororo hubembea, na kila unapobembea mbele umbali wake kutoka kwenye ekseli huongezeka. Nenda kwa mwendo wa mtu atembeaye, na mwongozaji ashike kamba ya kuutuliza akiwa mbali na njia ya mzigo.

Saba, funga mkanda, na fremu ya kumlinda dereva iwe imesimama. Nchi ya Sweden iliamuru mwaka 1959 kwamba matrekta mapya yawe na ulinzi wa namna hiyo, na vifo vya kupinduka vilipungua sana. Lakini fremu humlinda aliyefunga mkanda. Trekta likianza kulala, usiruke. Shikilia usukani na ubaki kitini, maana wengi hufa kwa kuangukiwa na fremu ileile ambayo ingewaokoa.

Nane, mtu yeyote asipite wala kufanya kazi chini ya mikono iliyoinuliwa. Fundi akilazimika kufanya kazi hapo, aweke kwanza kizuizi cha chuma kilichotengenezwa kwa kazi hiyo.

Tisa, usitafute tundu la mpira wa mafuta kwa kidole. Mafuta yenye msukumo mkubwa hupenya ngozi kama sindano, na kidonda huonekana kidogo kumbe ndani kimeharibika. Tumia kipande cha boksi. Aliyepigwa na mafuta hayo aende hospitali saa ileile, hata kama hasikii maumivu.

Kumi, unapoondoka, shusha mzigo ardhini, zima injini, chukua ufunguo.

9. Maswali ya kujipima

Tumieni vipimo vya trekta la mfano. Majibu yaletwe kwangu, chumba cha maabara, kabla ya shule kufungwa. Yaliyo sahihi na yenye maelezo safi tutayataja katika toleo lijalo.

(a) Chuma cha kilo 90 kimefungwa nyuma kabisa, mita 1.0 nyuma ya kiungo. Tafuta mzigo mpya wa kupindua, mikono ikiwa imenyooshwa, (i) trekta likiwa limenyooka. (Ii) likiwa limejikunja digrii 45. Kwa nini faida haikuwa sawa?

(b) Mbao ndefu zimepakiwa hata kitovu chake kikawa mita 1.6 mbele ya ekseli. Katika ardhi mbaya, trekta lililojikunja laruhusiwa kubeba kilo ngapi?

(c) Tangi tupu la plastiki lina kilo 25 na hujaa kwa lita 500. Je, trekta laweza kulihamisha likiwa limejaa, katika ua wa shule? Likiwa nusu, kuna hatari gani nyingine isiyoonekana katika hesabu ya kilo? (Fikiria maji yanavyofanya ndoo inapobebwa mlimani.)

(d) Mkubwa wako wa kazi akuambia uinue mzigo wa kilo 600 kwa trekta hili, na watu wengine wanasikiliza. Andika maneno utakayomwambia, yasiyozidi mistari mitano. Yawe na hesabu, yawe na heshima, na yawe na njia nyingine ya kuifanya kazi ile.

Swali la mwisho nalipa alama nyingi kuliko mengine yote. Wazazi mnaruhusiwa kuwasaidia watoto katika hilo, nami nitafurahi kusoma majibu yenu pia.